Niliombewa Mahali pa Mama Mapacha

Ningebaki kwa kiti. Ni hilo tu. Jina langu lilipoitwa pale kanisani ningeinama nijifanye natafuta kitu kwa mkoba, na wangeona sisimami, wangeendelea. Lakini mimi kungoja sijui, hata kungoja sekunde moja nifikirie. Niliitwa nikasimama.

Kanisa letu linakodi ukumbi Hockley, juu ya karakana ya mtu anayetengeneza pete. Jumapili karakana imefungwa, lakini ngazi bado inanuka dawa ya kusafishia dhahabu. Ukichelewa unapanda ukisikia wimbo mmoja unaimbwa na Wakenya hivi na Wakongo vile, na watoto wako nyuma wanaongea Kiingereza chao cha Birmingham kana kwamba wimbo hauwahusu.

Timu ya mpira ya wanawake ilianzishwa na Auntie. Si auntie wangu wa damu, ni Auntie wa kila mtu. Ni nesi, anaishi Acocks Green, na akiamua jambo limeisha. Yeye ndiye alitafuta uwanja kule Washwood Heath karibu na maghala, akatafuta jezi, akatupigia simu mmoja mmoja. Mimi alinipata wiki ile nilifika kutoka Nakuru kumfuata mamangu, hata sanduku sijafungua. Akaniuliza, "Wewe mrefu hivi, ulikuwa unacheza nini shule?" Nikasema nilikuwa golikipa. Akasema, "Basi umefika nyumbani." Yeye ndiye meneja.

Kocha ni baba mmoja wa Bukavu. Alicheza mpira huko kabla ya vita kuwafukuza, na sasa anapanga makatoni kwa ghala. Tunamwita Papa Kocha. Hapigi kelele. Ukikosea anasimamisha mazoezi, anakuja mpaka ulipo, anakushika mabega na kukuweka mahali ulifaa kuwa, halafu anarudi bila neno.

Sasa kuna hii desturi yetu. Jumapili ya mechi, wakati wa matangazo, wachezaji kumi na mmoja wanaitwa mbele waombewe. Mchungaji anapaka kila mmoja mafuta kwa paji la uso, kanisa linanyoosha mikono, tukitoka hapo ni uwanjani moja kwa moja. Ilianza kwa sababu dada mmoja aliumia goti na watu wakaogopa. Haikuwa njia ya kutangaza timu. Lakini polepole ikawa hivyo: ukiombewa, unacheza. Wa benchi wanaombewa kwa jumla wakiwa wamekaa. Hakuna mtu alikuwa ameshawahi kupakwa mafuta halafu akaachwa nje, maana sasa utamwambia Mungu nini?

Kocha ndiye alikuwa anachagua. Jumamosi anamtumia Auntie majina, na Auntie anayasoma kwa maikrofoni vile yalivyo. Nani mkubwa kati yao hatukuwa tumeuliza.

Shida ilianza na rota. Wengi wetu tuko kwa kazi ya kuhudumia wazee, na rota ya kazi hiyo, ile ratiba ya shifti, haijui mazoezi. Kocha alikuwa na sheria moja: asiyekuja Alhamisi, hachezi Jumapili. Auntie alikuwa anaona sheria hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kupigiwa simu na ofisi ati mwenzako ni mgonjwa, kuja sasa hivi. Wakaanza kurushiana sauti kwa grupu la simu, sisi sote tukisikiliza.

Kocha alisema, "Timu inafundishwa uwanjani, mama. Haifundishwi kwa simu."

Auntie akajibu saa hiyo hiyo, "Bila simu yangu, Papa, ungekuwa unafundisha miti."

Watu wakaweka vicheko. Mimi pia niliweka kicheko. Kocha hakujibu siku mbili, halafu akaandika tu, "Miti inakuja kila Alhamisi." Hapo Wakongo ndio wakaweka vicheko, na nikaona Wakenya wamenyamaza.

Mimi nilikosa Alhamisi karibu zote za mwezi ule. Nilikuwa kazini kweli, sidanganyi. Lakini ukweli mwingine ni kwamba sikuwahi kuomba mtu tubadilishane shifti. Nilijiambia mimi ndiye golikipa, nani mwingine wataweka? Wakaweka Mama Mapacha.

Mama Mapacha ni Mkongo, anafagia ofisi mjini alfajiri kabla watu hawajaingia, ana mapacha wa miaka saba. Alipoanza alikuwa anaukimbia mpira. Watu walikuwa wanamcheka na yeye anacheka nao. Lakini alikuja Alhamisi zote, kwa mvua na kwa upepo ule wa maghala, na nikasikia kwamba Kocha akimaliza na wengine anabaki naye kidogo, anampigia mipira mmoja mmoja. Mapacha wake walikuwa wameshawaambia darasa lote kwamba mama yao atadaka mpira. Mechi ya Jumapili iliyofuata ndiyo alikuwa anangojea. Ilikuwa dhidi ya kanisa la Wazimbabwe, na ingekuwa mechi yake ya kwanza.

Ijumaa Kocha alinipigia mwenyewe. Hakunitumia ujumbe, alinipigia.

"Binti yangu, Jumapili utakaa benchi. Mama Mapacha ndiye ataanza."

"Lakini Papa, mimi sikuwa nalala. Nilikuwa nageuza wazee kitandani."

"Najua. Na yeye alikuwa anafagia. Lakini alikuja."

"Kwani unaniadhibu kwa sababu nafanya kazi?"

"Sikuazibu. Kuna vitu tulibadilisha, we hauvijui. Alhamisi uje, nitakuonyesha."

Alisema kwa upole. Mtu mwingine angesema sawa Papa, akalala, akaamka hasira imepungua. Mimi hata sikuweka simu chini. Nilimpigia Auntie, nikamwambia Kocha amenitoa kwa timu kwa sababu ya shifti. Sikumwambia alichosema juu ya Alhamisi ijayo. Sikumwambia kwamba alinipigia mwenyewe, kwa heshima. Nilisema tu, "Amenitoa, Auntie. Juu ya shifti." Nilikuwa najua neno hilo linamuuma wapi.

Auntie akasema, "Wewe lala. Jumapili vaa viatu vyako."

Jumapili nilivaa viatu vyangu.

Matangazo yalianza na chai ya kina mama, yakaenda kwa mtu anayeuza kitanda cha mtoto, halafu Auntie akapewa maikrofoni. Akasema Bwana asifiwe, tukaitikia. Akaanza kusoma majina. Kila mmoja anatoka, watu wanapiga makofi. Walifika kumi. Mama Mapacha alikuwa amekaa safu ya mbele yangu, amevaa jezi chini ya kitenge, mapacha wawili wamemkalia huku na huku. Nilimwona anavuta kitenge, anatoa mkono wa mtoto kwa paja lake, anaanza kuinuka.

Auntie akaita jina langu.

Mama Mapacha hakugeuka kuniangalia. Alirudi chini polepole, akaanza kufunga kamba ya kiatu cha mtoto, na kiatu chenyewe kilikuwa cha kubandika, hakikuwa na kamba. Mkono wake ulikuwa unatafuta tu.

Nilimwona. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua. Nilimwona, na bado nilipita kando ya kiti chake nikaenda mbele.

Kocha akasimama upande wa kina baba. Alikuwa na koti lake la ghalani.

"Mchungaji, pardon. Ule binti hachezi leo. Mi nilituma majina, na jina yake haiko."

Mchungaji alikuwa ameshafungua chupa ya mafuta.

Auntie hakushusha maikrofoni. "Papa, majina nimeyaona. Mimi ndiye meneja. Hatutamfungia mtoto nje kwa sababu anahudumia wagonjwa. Hata Biblia haiko hivyo."

Watu wengine wakasema amina. Nakumbuka nani walisema.

"Mama, usilete Biblia kwa mambo ya golikipa," Kocha akasema. Mtu mmoja akacheka, akajishika. "Kama meneja ndiye anachagua, kocha ni wa nini?"

"Swali zuri," Auntie akasema.

Naamini hakukusudia. Lilimtoka tu, na maikrofoni ikalipeleka mpaka kwa watoto nyuma. Kocha alisimama pale kidogo. Akaniangalia mimi. Hakuwa anamwangalia Auntie. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Kama ningerudi kwa kiti wakati ule, jambo lingeisha na hakuna mkubwa angekuwa ameshindwa. Mchungaji, maskini, akafanya kile wachungaji hufanya wakikosa la kufanya. Akasema, "Kanisa, nyoosheni mikono tuombe," na nikasikia kidole chake na mafuta kwenye paji langu.

Tulipofungua macho kiti cha Kocha kilikuwa wazi.

Uwanjani benchi lilikuwa na Auntie peke yake, na filimbi ambayo hakujua kuitumia, na maji, na Mama Mapacha na wengine watatu. Nilifikiri Mama Mapacha hatakuja. Alikuja. Alikuwa amewaleta mapacha na mama mkwe wake, mwanamke mzee amejifunika blanketi kwa kiti cha kukunja. Kocha naye alikuja, lakini alisimama ng'ambo ya uwanja, nyuma ya uzio, mikono mfukoni, na polepole baba wote Wakongo wakaenda kusimama naye. Upande wetu walibaki Wakenya na Watanzania wawili wa kanisa letu, ambao walikuwa wanaangalia huku na kule wasijue wakae wapi.

Mechi ilianza nikiwa najiambia nitacheza vizuri sana mpaka kila mtu asahau. Nilidaka mbili. Auntie akapiga kelele, "Mnaona? Mnaona?" kwa sauti ya kuvuka uwanja.

Halafu wakapata kona.

Nilivyozoea, kona ikipigwa natoka, napiga kelele "Wangu!", kila mtu anahama. Nikatoka, nikapiga kelele. Beki wetu mrefu, nesi mmoja wa Kisumu, hakuhama. Aliruka kupiga kichwa, tukagongana kifua kwa kifua, tukaanguka sote wawili, na mpira ukapita juu yetu taratibu kama unatuonea huruma. Goli.

"Kwani unatoka unaenda wapi?" akaniuliza akiwa bado ameanguka. "Si tulisema golikipa anabaki kwa laini, mimi ndio napiga?"

"Nani alisema?"

"Alhamisi!"

Aliona uso wangu akaninyanyua.

Mapumziko nilienda kwa Auntie. "Auntie, nitoe."

"Nikutoe?" Alikuwa anagawa machungwa, hakuniangalia. "Mafuta yenyewe hayajakauka kwa uso."

"Sijui vile wanacheza sasa. Walibadilisha."

"Nikikutoa sasa hivi, wewe msichana, kila mtu hapa ataona nini? Niambie."

Nilijua wataona nini. Nikaacha chungwa langu nikavuka uwanja. Najua haikuwa busara, watu wote wakiangalia, lakini miguu ilikuwa imeshaenda. Baba wale wakanipisha.

"Nani amekutuma?" Kocha akauliza.

"Hakuna. Papa, naomba urudi kwa benchi."

"Benchi iko na mwenyewe."

"Basi niambie nitoke, Mama Mapacha aingie. Ukisema wewe watakubali."

Akatikisa kichwa. "Ukitoka kwa sababu yangu, unamuaibisha meneja yako mbele ya watu. Aibu ya leo imetosha. Rudi kwa goli." Nikageuka. Akaniita tena. Akapitisha mikono juu ya uzio, akanishika mabega, akanigeuza kama tuko mazoezini. "Kona ikikuja, unabakia kwa laini. Ule murefu anatoka. We unaangalia mpira, hauangalii watu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwenda."

Nilirudi nikiwa najisikia vibaya kuliko nilivyoenda. Angenitukana ningejua pa kuiweka aibu yangu. Lakini alinifundisha.

Kipindi cha pili kona zilikuja na nikabaki kwa laini, na beki mrefu akapiga vichwa, na kila alipopiga nilijua natumia kazi aliyoifanya Mama Mapacha Alhamisi zote zile. Mapacha walikuwa wamekuja kukaa nyuma ya goli langu, kwa nyasi. Wanaelewa Kiswahili chote lakini hawakijibu. Mmoja akaniuliza kwa Kiingereza mama yake anacheza lini. Nikamwambia kwa Kiswahili muulize Auntie. Wakaenda mbio. Nawaapia sikuwatuma kwa ubaya, nilitaka tu waondoke nyuma yangu.

Sikusikia walisema nini. Niliona Auntie ameinama akiwasikiliza, ameweka mikono kwa magoti. Aliinama muda mrefu kuliko swali lile lilivyohitaji. Halafu akasimama akamwelekea Mama Mapacha na kusema kitu, na nikamwona Mama Mapacha anatikisa kichwa.

Mpira ulipotoka Auntie akamwita refa. Nikaanza kuvua glavu nikiwa nakimbia. Nilipofika benchini wote walikuwa wamesimama.

"Mama Mapacha, hebu ingia," Auntie alikuwa anasema. "Dakika zinaisha."

"Hapana, mama. Mi nilifundishwa na Kocha. Kocha akiniita, nitaingia."

"Lakini Kocha hayuko kwa benchi!"

"Anasimama pale. Namwona."

Refa, kijana Mwingereza mwenye haraka zake, akauliza kama tunabadilisha au hatubadilishi. Hakuna aliyemjibu. Wazimbabwe walikuwa wameshika viuno, wengine wameanza kucheka. Mimi nilikuwa nimesimama pale kati na glavu mkononi kama mtu aliyekuja kuuza.

Auntie aliangalia ng'ambo. Kocha alikuwa anaangalia huku. Kama angegeuza uso tu, Auntie angebaki pale na mtu anayekataa amri yake mbele ya makanisa mawili. Ingekuwa malipo ya "swali zuri", na nafikiri baba wale waliokuwa naye walikuwa wanataka hivyo. Lakini basi Mama Mapacha angerudi nyumbani hajagusa mpira.

Kocha akatoa mikono mfukoni akaweka mdomoni.

"Mama, ingia! Batoto bako banaangalia!"

Mama Mapacha akafungua kitenge, akanikabidhi. Akachukua glavu kwa mkono wangu bila kuniangalia, halafu akaniangalia. "Asante, mudogo yangu," akasema, na akaingia mbio. Sikuwa nimestahili ile asante na sikupata nafasi ya kumwambia.

Hatukusawazisha. Tulifungwa moja, na moja hilo ni langu. Lakini kulikuwa na kona moja mwishoni, beki mrefu akaikosa, na mpira ukaanguka mbele ya Mama Mapacha pale kwa laini alipokuwa amepandwa kama nguzo, akaulalia kwa tumbo. Mapacha wakalia "That's my mum! That's my mum!" na bibi yao akatupa blanketi.

Auntie alikuwa kando yangu. Hakupiga makofi. Alisema, "Vaa jaketi, utashikwa na baridi." Nikavaa. Baadaye akasema, akiwa bado anaangalia uwanja, "Nilisimama pale juu yako."

"Najua, Auntie."

"Ulisema amekutoa juu ya shifti."

"Alisema pia nikuje Alhamisi anionyeshe."

Nilingoja anipigie kelele, hata ningefurahi. Akaokota maganda ya machungwa moja moja akaweka kwa karatasi.

Kwa kawaida baada ya mechi magari yanafunguliwa nyuma na chakula kinachanganywa. Chapati za upande huu zinaenda kuliwa pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya upande ule. Siku hiyo magari ya Wakenya yalifunguliwa kwa mlango wa uwanja na ya Wakongo kwa uzio wa ghala, na katikati palikuwa na lami tupu. Watu walikuwa wanakula wamepeana migongo. Nilichukua sahani, nikaweka chapati na nyama, nikavuka. Kocha alikuwa ameketi kwa ukingo wa buti la gari. Akapokea.

"Alhamisi unakuja?" akauliza.

"Nakuja. Nitabadilishana shifti. Na wewe Papa, unakuja?"

Akakunja chapati. "Mwambie meneja yako," akaanza, "mwambie mi nitafundisha. Lakini majina—"

"Papa, mimi simwambii kitu."

Akainua macho.

"Nisamehe. Ijumaa nilibeba maneno nikapunguza njiani, ndio tumefika hapa. Yuko pale, kwa lile gari jeupe. Si mbali."

Mmoja wa wale baba wengine akasema, "Ei, huyu binti," lakini hakumaliza. Kocha aliangalia gari jeupe. Auntie alikuwa amesimama nyuma yake na kifuniko cha sufuria mkononi, anaangalia huku, halafu anajifanya anatafuta kijiko.

Kocha akaendelea kula. Alikula polepole sana, kama mtu asiye na haraka na mtu yeyote, na mimi nikabaki nimesimama pale nikingoja sahani.